Umeachishwa kazi, umejiajiri na bado unalipa pango: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi, sasa anajitafutia mwenyewe, na anaishi nyumba ya kupanga. Tarakimu zote ni za mfano, hazina jina la fedha. Badala yake weka zako.

Nimeachishwa kazi juzi tu. Nianzie wapi kabla ya kutafuta wateja?

Anzia kwa mwajiri uliyemwacha. Madai mengi ya kazi yana muda wa mwisho, na mara nyingi muda huo huanza kuhesabiwa tangu siku uliyoachishwa. Chukua barua ya kuachishwa yenye tarehe na sababu, cheti cha utumishi, na hati za mshahara za miezi 6 ya mwisho. Halafu kagua kama umelipwa siku ulizofanya kazi mwezi huu, likizo ambayo hukuichukua, malipo badala ya notisi ikiwa hukupewa notisi, na kiinua mgongo kama mkataba au sheria inakupa. Kuna karatasi ambayo watu huisaini haraka haraka na kuijutia baadaye: ile inayosema umelipwa haki zako zote na huna dai lolote. Usiisaini pale pale. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, piga hesabu kwanza.

Uliza pia bima ya afya inakoma tarehe gani, na michango yako ya hifadhi ya jamii imewasilishwa hadi mwezi upi. Makato yanaweza kuonekana kwenye hati ya mshahara na yasiwe yamefika kwenye mfuko. Kama nchi yako ina fao la kukosa ajira, ulizia masharti yake kabla hujasajili biashara, kwa kuwa mahali pengine usajili wenyewe hulipunguza au hulifuta.

Nitajuaje fedha niliyonayo itanifikisha lini?

Fungua taarifa ya benki na ya pesa za simu ya miezi 3 iliyopita, upitie kila mstari. Usikadirie kwa kichwa. Kichwani hatukumbuki vocha, ada za kutuma fedha, wala zile tano tano tunazowapa ndugu. Toa gharama zilizoondoka na kazi, kwa mfano nauli ya kila siku. Ongeza zile ambazo mwajiri alikuwa akizibeba bila wewe kuziona: intaneti, umeme wa mchana kutwa, bima, matengenezo ya kompyuta. Malipo ya mara moja kwa mwaka, kama ada za shule au leseni, yagawe kwa 12 na uyaingize.

Tuseme nyumbani unahitaji 800 kwa mwezi (pango 300 likiwemo) na biashara inakula 150. Jumla 950. Ukiwa na 2,850 mkononi, una miezi 3. Andika tarehe ambayo fedha inaisha, siyo idadi ya miezi, kwa sababu "miezi mitatu" huendelea kuwa miezi mitatu kichwani hata baada ya wiki tano kupita. Kila Jumatatu irudie hesabu na uone tarehe imesogea mbele au imerudi nyuma.

Fedha unayodai watu usiihesabu humo. Haijafika.

Nimepata kiinua mgongo. Nilipe pango la mwaka mzima nipumue?

Kwa maoni yetu, hapana, isipokuwa mkataba unakulazimisha au unapewa punguzo la maana. Inapendeza kujua kwamba hakuna atakayegonga mlango, lakini fedha iliyoingia kwa mwenye nyumba hairudi kirahisi. Mtu aliyelipa miezi 12 kisha akakwama mwezi wa tatu ana paa lakini hana nauli ya kwenda kwa mteja wala fedha ya kununua malighafi, na hapo huishia kukopa kwa riba kubwa huku fedha yake mwenyewe imelala. Miezi 2 au 3 mbele inatosha kukutuliza.

Ukipewa punguzo, lilinganishe na deni lako ghali kuliko yote. Kulipa miezi 6 kwa punguzo la asilimia 10 kunaokoa 180 kwenye pango la 300. Kama una mkopo ambao riba yake ya miezi hiyo hiyo inazidi 180, ulipe huo kwanza. Na ukilipa mbele, risiti itaje miezi inayohusika kwa majina na tarehe. Risiti ya "nimepokea fedha ya nyumba" huleta ugomvi nyumba inapouzwa au mwenye nyumba anapofariki na warithi wakaja na daftari lao.

Nimwambie mwenye nyumba kwamba sina kazi tena?

Kama pango la mwezi huu na ujao lipo, si lazima umwambie, labda mkataba uwe unakutaka utoe taarifa. Ukiona kwamba tarehe fulani hutafikisha, mwambie wiki mbili kabla ya tarehe hiyo. Mpangaji anayetoa taarifa mapema anaomba mpango. Anayetoa siku tatu baada ya tarehe anaonekana amekamatwa, hata kama shida ni ile ile.

Zungumza kwa mdomo, kisha thibitisha kwa maandishi. Ujumbe uwe mfupi na wenye tarakimu:

"Shikamoo mama. Kama tulivyoongea jana, pango la mwezi huu ni 300, mwisho tarehe 5. Tarehe 5 nitaleta 180. Zilizobaki 120 nitaleta tarehe 19, nikishalipwa na mteja tarehe 16. Naomba unijibu hapa kama umeridhia."

Kuna siku tatu kati ya malipo ya mteja na ahadi yako. Ziache, kwa sababu mteja akichelewa siku mbili wewe bado hujavunja neno. Ahadi ya kwanza ikivunjika, ya pili hupokelewa kama ahadi hewa, kwa hiyo taja kiasi kidogo utakachokitimiza kuliko kikubwa unachokitamani. Na siku ya tarehe 5 usiende mkono mtupu, hata kama ulichonacho ni nusu.

Amekubali "kunipunguzia". Nihakikishe nini?

Kama amesamehe au ameahirisha. Hapa ndipo makubaliano mengi huharibika. Tuseme mmekubaliana ulipe 150 badala ya 300 kwa miezi 3. Mwenye nyumba akiwa amesamehe, mwezi wa nne unarudi kwenye 300 na hakuna deni. Akiwa ameahirisha, una malimbikizo ya 450, na mkiyagawa kwa miezi 6 pango lako linakuwa 375 kila mwezi, kubwa kuliko lile lililokushinda. Watu huondoka kwenye mazungumzo kila mmoja akiwa na maana yake. Andikeni: kiasi kilichopunguzwa, miezi inayohusika, kama kitalipwa baadaye, kwa awamu gani, na kwamba masharti mengine ya mkataba yanabaki palepale.

Kama una nafasi ya kuchagua ombi, omba kwanza kuhamishwa kwa tarehe ya kulipa au kugawanya pango mara mbili kwa mwezi. Haimgharimu mwenye nyumba chochote, na kwa mtu anayelipwa vipande vipande husaidia kuliko punguzo dogo. Kutumia amana (fedha ya dhamana uliyomwachia mwenye nyumba ulipoingia) kulipia mwezi mmoja liwe ombi la mwisho: wengi hukataa, na anayekubali atataka irudishwe, kwa hiyo nalo ni deni.

Mapato yangu hayaeleweki. Bajeti naipangaje?

Pango lina tarehe, mapato hayana. Kazi yako ni kuweka kitu katikati. Weka akaunti tatu, hata kama mbili ni mifuko midogo kwenye simu. Ya kwanza inapokea fedha zote za wateja. Ya pili ni ya kodi ya mapato, na haiguswi. Ya tatu ni ya nyumbani, na inapokea kiasi kilekile tarehe ileile kila mwezi, siku mbili kabla ya pango. Huo ndio mshahara wako mpya.

Ukubwa wake ndio mtego. Chukua mtu aliyebakiwa na fedha hizi baada ya gharama na kodi: 1,200, 450, 1,700, 650, 900, 300. Wastani ni karibu 867. Akijilipa wastani huo, mwezi wa pili tayari amepungukiwa 84, ingawa kwa miezi 6 hesabu inatosha. Akijilipa 800 anapita miezi yote sita na kubaki na 400. Sasa geuza mfululizo huohuo, uanze na 300 na kumalizia na 1,200. Hata kwa 800 anakwama mwezi wa kwanza, na ili asikwame popote anahitaji 550 za kuanzia. Mapato ni yaleyale, mpangilio tu umebadilika. Ndiyo maana fedha ya mwanzo ni muhimu kuliko wastani, na ndiyo maana mwezi mnono si wakati wa kujiongezea mshahara.

Kama unalipwa kila wiki, weka pango kando kila wiki. Gawa kwa 4, usigawe kwa 4.33. Pango la 300 linakuwa 75 kwa wiki. Kwa wiki 52 utakuwa umeweka 3,900, wakati mwaka unahitaji 3,600 tu. Hiyo 300 ya ziada ni mwezi mzima wa pango, bila kujibana mara moja kwa kiasi kikubwa.

Nimtoze mteja kiasi gani?

Wengi hugawa mshahara wa zamani kwa saa za kazi. Mshahara wa 800 kwa saa 160 unatoa 5 kwa saa, na bei hiyo itakufilisi polepole huku ukiwa na kazi nyingi. Fanya hesabu kutoka upande wa mahitaji. Nyumbani 800. Kama kodi na michango inachukua asilimia 20 ya faida, unahitaji faida ya 1,000 ili 800 ibaki. Ongeza gharama za biashara 150: jumla 1,150 kwa mwezi, au 13,800 kwa mwaka.

Sasa saa. Kutafuta wateja, kuandika ankara, kufuatilia madeni, kusafiri na kurekebisha kazi hakuna anayekulipa. Katika wiki ya saa 40, saa 22 zinazolipwa ni matokeo mazuri kwa anayeanza. Toa wiki 6 za kuugua, sikukuu na ukimya wa wateja, zimebaki 46. Mara 22 ni saa 1,012. Gawa 13,800 kwa 1,012 upate takriban 13.6. Yaani karibu mara tatu ya ile 5. Ukiona soko halilipi bei hiyo, ni afadhali ukalijua leo kuliko baada ya kiinua mgongo kwisha; badilisha aina ya kazi au aina ya mteja, usiongeze saa za usiku.

Wateja wananipiga danadana. Nifanye nini pango lisichelewe?

Chukua malipo ya awali, asilimia 30 hadi 50, kabla ya kugusa kazi. Mteja anayekataa kabisa kutoa chochote mwanzoni mara nyingi ndiye atakayekusumbua mwishoni. Kazi ndefu igawe kwa hatua, na hatua ya tatu isianze kabla ya pili kulipwa. Ankara itoke siku unayokabidhi kazi, iwe na namba, jina la anayehusika na malipo (ambaye mara nyingi siye aliyekupa kazi), njia za kulipa, na tarehe kamili ya mwisho. "Ndani ya siku 30" humfanya kila mtu ahesabu kutoka siku anayoipenda. "Kabla ya tarehe 16 Mei" haina mjadala.

Kumbusha siku 3 kabla ya tarehe, siku yenyewe, na siku ya 7 baada yake. Siku ya 14 simamisha kazi inayoendelea na useme hivyo kwa heshima. Kwa makampuni makubwa, uliza siku ya kwanza kama unatakiwa kusajiliwa kama mzabuni na kama ankara lazima iwe na namba ya oda (namba ya agizo lao la kazi). Bila namba hiyo ankara hukaa kwenye trei ya mtu wiki nne, na hakuna anayekwambia.

Punguzo la kulipa mapema litumie kwa uangalifu. Asilimia 2 kwa anayelipa siku ya 10 badala ya 30 inaonekana ndogo, lakini ni sawa na kukopa kwa karibu asilimia 37 kwa mwaka. Litoe pale tu ambapo kukosa fedha hiyo kungekugharimu zaidi.

Kodi ya mapato inanihusu hata kama napata kidogo?

Kujisajili kwa kawaida ndiyo; kulipa inategemea kiwango cha nchi yako. Mwajiri alikuwa akikukata kimya kimya, sasa hakuna anayekukata, na deni hujikusanya hadi siku ya ritani, yaani taarifa ya mapato unayoiwasilisha kwa mamlaka ya kodi. Kabla hujajua kiwango chako hasa, weka robo ya kila kinachoingia baada ya gharama. Ukigundua ulikuwa unaweka nyingi, ni akiba.

Nchi nyingi huruhusu sehemu ya pango na umeme kuwa gharama ya biashara ukifanyia kazi nyumbani. Chumba cha mita za mraba 12 katika nyumba ya 60 ni asilimia 20, na kama chumba hicho hutumika pia kulala wageni, punguza kulingana na muda. Tunza risiti za pango. Soma na mkataba: kukaa na kompyuta mezani mara nyingi hakuna anayekuuliza, ila wateja wanaoingia na kutoka, mashine yenye kelele au bango mlangoni vinaweza kuhesabiwa kuwa umegeuza matumizi ya nyumba.

Madeni yananizidi. Nianze na lipi?

Usianze na anayepiga simu sana. Anza na lile ambalo usipolilipa unapoteza mahali pa kulala au uwezo wa kuingiza fedha: pango, chakula, maji na umeme, simu na vifaa vya kazi, kisha mikopo yenye dhamana unayoitumia, kama pikipiki au cherehani. Kodi ya serikali isikae mbali, kwa sababu ina faini. Mikopo isiyo na dhamana na kadi hufuata. Wakopeshaji hao waandikie mapema uwaombe kurefusha muda.

Angalia riba kwa makini. "Asilimia 20 ya moja kwa moja kwa mwaka" kwenye mkopo wa 1,200 unaolipwa 120 kila mwezi ni sawa na karibu asilimia 35 ya riba inayohesabiwa kwenye salio, kwa sababu unaendelea kulipia riba fedha uliyokwisha kuirudisha. Mkopo wa simu wa 100 wenye ada ya asilimia 10 kwa siku 30, ukilipa ada tu na kuuhuisha kila mwezi, baada ya mwaka umelipa 120 na bado unadaiwa 100 uliyokopa.

Je, nikope ili nilipe pango?

Mara moja tu, kama kuna ankara iliyokubaliwa kwa maandishi inayozidi mkopo na riba yake, na tarehe yake iko kabla ya tarehe ya marejesho. Nje ya hapo unakopa huku kulipa kule.

Nihamie nyumba ya bei ndogo?

Piga hesabu ya lini uhamaji utaanza kulipa. Kutoka 300 kwenda 220 unaokoa 80. Gari la mizigo 60, dalali 220, kupaka rangi nyumba unayoiacha 40: jumla 320, miezi 4 kabla ya kuona faida yoyote. Amana mpya utaitoa kabla ya ile ya zamani kurudi, na hilo pengo la wiki kadhaa ndilo huwakwamisha wengi. Kama nyumba mpya inakuongezea nauli ya 30 kwa mwezi kwenda kwa wateja, akiba imebaki 50 na muda umefika zaidi ya miezi 6.

Kumkaribisha mtu mchangie pango ni haraka zaidi, ila omba ruhusa kwa maandishi. Kupangisha chumba kimya kimya ni sababu ambayo mikataba mingi huitaja ya kuuvunja. Na kumbuka wewe ndiye unayedaiwa 300 yote, mwenzako akilipa asilipe.

Mwenye nyumba mpya anataka hati za mshahara. Sina.

Mpe taarifa ya benki ya miezi 6, mikataba au ankara zilizolipwa, ritani ya kodi kama ipo, na risiti za pango ulikotoka zinazoonyesha hukuchelewa. Mdhamini mwenye ajira husaidia, ila mweleze wazi anabeba nini. Hati ya mshahara ya zamani usiitoe kana kwamba bado umeajiriwa. Ikigundulika, inaweza kuwa sababu halali ya kukutoa.

Nimepewa notisi ya kuhama kwa malimbikizo. Nifungashe?

Soma kwanza: imeandikwa, ina tarehe, inatoa siku ngapi, na siku hizo zinalingana na mkataba na sheria? Katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli, kukata maji au kutoa vyombo nje bila amri ya mahakama au baraza. Endelea kulipa unachoweza, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Akikataa kupokea, hifadhi fedha pamoja na ujumbe wa kukataa. Ukiletewa wito, hudhuria hata kama ni kweli unadaiwa, kwa sababu asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa, wakati anayefika mara nyingi hupata nafasi ya kupendekeza awamu. Ofisi za msaada wa kisheria hushughulikia kesi hizi kila siku. Nenda na mkataba, risiti zote na zile jumbe ulizoandikiana na mwenye nyumba.

Nikipata kibarua cha muda, nikikatae ili nijenge biashara?

Kipokee. Siku mbili za kibarua kwa wiki zinazolipa pango zinakuondolea shinikizo la kukubali kila mteja kwa kila bei. Angalia tu kisikule saa zile ambazo wateja wako hupatikana.

Nitajuaje kwamba nirudi kutafuta ajira?

Weka kikomo sasa, ungali na utulivu. Tunachopendekeza: fedha ikibaki ya miezi 2 ya mahitaji, na kazi zilizothibitishwa hazifiki nusu ya mahitaji ya miezi hiyo, siku hiyo anza kutuma maombi ya ajira bila kufunga biashara. Miezi 2 kwa sababu usaili, majibu na mshahara wa kwanza vinaweza kuchukua wiki nyingi, na pango litakuwa linadaiwa muda wote huo.